Neno la Kumwambia Aliyekwisha Kuanza

Mmeniuliza maana ya maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda cha maturubai pale Mpemba, kabla ya kufika mpakani Tunduma. Mmoja wenu alisema labda ni jina la kampuni. Mwingine akasema ni aina ya gundi. Nilicheka, lakini sikujibu, maana mimi nikiulizwa jambo mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Nikasema nitaandika. Basi naandika hapa nyumbani Hasamba, polepole, kahawa imeanikwa nje na kuku wananilazimisha kuinuka kila mara.

Najua mtacheka kusikia mtu wa umri wangu anaongea kama mstaafu. Mvi sina bado. Lakini nimeshona maturubai tangu nilipomaliza darasa la saba mpaka bega langu la kulia lilipokataa kunyanyuka, na mwenye bega la namna hiyo amestaafu hata kama kichwa chake ni cheusi. Tena kazi yenyewe nayo inaelekea kustaafu. Kontena halivai turubai. Na haya maturubai ya siku hizi ya plastiki nzito mnayaunganisha kwa mashine ya hewa ya moto, kiraka kinashika kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na sindano ndefu, uzi wa nailoni, kipande cha nta ya nyuki, na ngozi ya kufunga kiganjani ili tako la sindano lisitutoboe.

Maneno yale ni ya Kiingereza: keep at it. Yaliletwa kibandani na dereva wa Zambia tuliyemwita Ba Chanda. Aliyeyafanya yakae ni Mama Lugano, mama wa Itumba, aliyenifundisha kazi. Siwezi kuwaeleza maneno hayo bila kumweleza yeye.

Mama Lugano alikuwa mfupi, Mndali, mwenye viganja vipana kama vya mwanamume. Kibanda kilikuwa cha mumewe. Mume alipofariki watu walidhani atauza vifaa arudi Ileje kwao. Yeye akakaa kwenye mkeka, akavuta turubai lililokuwa halijamalizika, akaendelea pale mumewe alipoachia. Mimi alinichukua kwa sababu sikuwa msemaji.

"Wote niliokuwa nao walikuwa wanapiga soga na madereva, kazi inalala," aliniambia. "Wewe kaa hapa, bwana Kimya."

Jina likanishika. Mpaka leo kuna madereva hawalijui jina langu la kanisani.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa fundi tangu mwanzo. Turubai langu la kwanza nilishona mchana kutwa, kichwa chini, nikijisifu moyoni. Mwenye turubai alipokuja, yeye na utingo wake walilinyanyua, na mkeka wetu ukanyanyuka nao. Nilikuwa nimeushona mle mle, mshono mzuri kabisa, wa kubana. Utingo akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mama Lugano aliuzunguka ule mkeka unaoning'inia, akaugusa, akasema, "Mshono ni imara. Mkeka huu sasa utafika Lubumbashi." Kisha akanipa kisu nifumue. Tangu siku ile, kabla ya kuchoma sindano, ninapitisha mkono chini ya kitambaa kuona kuna nini. Nanyi hata kama mnatumia mashine ya moto, pitisheni mkono chini kwanza. Moto nao hauchagui.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Kiraka kiwe kipana kuliko unavyodhani kinatosha, kwa sababu kitambaa kilichochanika kimechoka hata pale kinapoonekana kizima. Uzi upitishe kwenye nta mpaka uteleze, usipofanya hivyo maji yatafuata uzi kuingia ndani kama mgeni anayefuata njia. Usivute uzi kwa hasira. Ukibana sana unakata kitambaa wewe mwenyewe. Na kila kiraka kipimwe kwa maji kabla mwenye turubai hajalichukua. Fundi asiyemwaga maji juu ya kazi yake, alisema, anaogopa kujua.

Asubuhi moja ya kiangazi, upepo ule wa Tunduma unaojaza mchanga kwenye meno ukivuma, sindano ilimdondoka mkononi. Akaiokota. Ikadondoka tena. Nikamtazama, nikaona upande mmoja wa mdomo wake umeshuka. Ilikuwa kiharusi. Madereva waliokuwa kwenye foleni walisaidia kumbeba mpaka hospitali.

Alirudi kibandani akiwa na fimbo. Mkono wa kulia ulining'inia kama si wake. Maneno yalitoka moja moja, kila moja kwa kazi yake. Watu walikuja kwa wingi: mama lishe, waosha magari, wabadilisha fedha, wote wakisema pole mama, pole sana mama. Yeye aliitikia kwa kichwa.

Kisha akaja mwanawe, Lugano. Lugano alikuwa akiendesha hiace ya abiria ya Itumba, mtu mpole, mwili mkubwa, na mama ndiye mzazi pekee aliyebaki naye. Alipiga magoti kwenye mkeka.

"Mama, twende nyumbani. Utakaa juani, wajukuu watakuletea uji. Hutagusa kitu."

Mama Lugano alichukua muda kukusanya maneno. "Nikae juani," alisema. "Kama mahindi?"

"Mama, si utani. Ukianguka tena hapa nitasikia kwa simu. Nani atakuokota?"

"Kimya yupo."

Lugano alinitazama. Nilitazama chini. Hata mimi nisingemkabidhi mama yangu kwa mtu aliye kimya namna ile.

Wakavutana hivyo mpaka mama akatoa sharti mwenyewe. Alisema apewe muda mpaka mvua za kwanza. Zikinyesha kabla hajashona kiraka kizima kwa mkono wake, kisichovuja, Lugano ambebe kama gunia na hatasema neno. Akishona, aachwe.

"Umesema mwenyewe, mama."

"Nimesema."

Nje, akiwa amefungua mlango wa gari, Lugano aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ule mkono hauna kitu. Usimpe moyo wa bure. Atakayeumia ni yeye." Macho yake yalikuwa yamelowa. Sikumchukia. Aliyeogopa pale hakuwa mama.

Kuanzia kesho yake tulianza. Mkono wa kulia ulikataa kabisa, basi akahamia wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikilia tu. Kutunga uzi peke yake kulimshinda mpaka alipogundua njia: aliichomeka sindano kwenye kipande cha sabuni ya mche, ikasimama wima, akaupitisha uzi kwenye tundu kwa mkono mmoja. Ule mkono wa kulia akaunyanyua kwa mkono wa kushoto na kuulaza juu ya kitambaa, ukawa jiwe la kuzuia kisitembee. "Kila mtu ale kwa jasho lake," aliuambia.

Mimi sasa ndiye niliyetakiwa kuongea na wateja. Mwanzoni nilikuwa nawaonyesha kwa vidole. Siku moja dereva aliniuliza bei kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiingereza, mimi natikisa kichwa tu. Mama Lugano akaniita. "Mimi nina nusu mdomo nautumia wote," alisema. "Wewe unao mzima, umeufungia kabatini." Dereva alicheka, nami nikalazimika kufungua kabati.

Ba Chanda alikuja katika majuma hayo. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa makamo, wa kuvuka mpaka kila mara. Hakuwa amepata habari. Alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kwa heshima ya kwao, akamwita mama na kumjulia hali kwa Kibemba. "Mulishani, mayo?"

Mama akaitikia kwa ile nusu ya mdomo. Wakati ule alikuwa anajaribu kupitisha sindano kwenye kipande cha turubai bovu la mazoezi. Ilipita pembeni. Akajaribu tena, ikapita pembeni tena. Ba Chanda aliinuka pale alipochuchumaa. Alikaa kwenye tairi kuukuu akatazama, sigara yake ikaungua bila kuvutwa. Sindano ilipopenya mara moja, na mama akaanza kutafuta mahali pa mshono unaofuata, ndipo aliposema kwa sauti ya chini, "Keep at it, mayo."

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Kiingereza changu cha shule ya msingi kilikuwa cha kuhesabu ng'ombe na kutaja siku za juma. Nikamtazama Ba Chanda aniokoe. Akatafuta Kiswahili chake cha mpakani.

"Ni hivi. Mtu anafanya kazi. Kazi ngumu. Anafanya, inakataa, anafanya tena. Mimi naona. Naambia yeye: keep at it. Usitoe mkono."

"Kwa hiyo si pole?" mama akauliza.

"Si pole. Pole naambia mtu ameanguka. Wewe unashona."

Mama Lugano aliichomeka sindano kwenye sabuni. Kisha akasema, neno moja moja, "Kimya, tangu niugue nimepewa pole, zimejaa kibanda hiki hatuna pa kukaa. Huyu ndiye wa kwanza kuona kwamba ninashona."

Hiyo ndiyo maana yake, vijana, na ningeweza kuishia hapa. Lakini mmeuliza na matumizi, na matumizi niliyajua kwa kuaibika.

Nililipenda neno lile nikataka kulisema na mimi. Nikatoka kwenda kwenye foleni ya malori, nikamkuta dereva ameketi kivulini chini ya tela lake anakula mihogo. Alikuwa amesubiri karatasi za forodha mpaka ndevu zimeota. Nikajikaza, nikamwambia keep at it. Akatafuna, akameza, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Nishikilie nini, ndugu yangu? Muhogo?" Nilirudi kibandani mbio. Ba Chanda alinieleza: huyo anangoja, hakuna kitu mkononi mwake. Anayengoja mwambie hang on, yaani jishikilie, usikate tamaa ya kungoja. Na mtu aliyesimamisha kazi ili kukusalimia, mwambie carry on, kwamba endelea tu usijali. Lakini hili letu, keep at it, lina kazi ndani yake. Anaambiwa aliyekwisha kuanza, kazi inamkataa, naye bado yupo juu yake. Ukimwambia aliyekaa hujamwambia kitu.

Osia naye alijifunza kwa njia yake. Osia alikuwa dalali wetu, kijana wa maneno mengi, anayetuletea wateja kutoka kwenye foleni. Alilidaka lile neno, siku moja akaingia kwa kishindo mama akiwa anakunywa chai. "Mama, keep at it, keep at it! Mteja ana haraka!"

Mama akaweka kikombe chini. Ilimchukua muda, na Osia alilazimika kusimama akingoja maneno yatoke.

"Osia. Umetazama ninafanya nini kabla ya kusema?"

"Hapana, mama."

"Una haraka ya nani?"

"Ya mteja. Na yangu."

"Basi hilo ulilolisema ni fimbo. Mwenzako Ba Chanda alitazama kwanza, hakuwa na haraka yake mwenyewe. Toka, uingie upya."

Osia akatoka kweli, akabisha hodi, akaingia, akakaa kwenye tairi, akatazama chai ikinywewa mpaka mwisho. Akasema, "Keep at it, mama." Mama alicheka mpaka chai ikamtoka upande ule mbovu. Kesho yake Osia alipata mabaki ya rangi kwa mchora mabango, akapanda juu ya ndoo, akaandika juu ya mlango. Herufi zake zimeinama kwa sababu ndoo ilikuwa inayumba.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Ba Chanda aliacha turubai lake lenye mchaniko mkubwa karibu na kona, akasema safari hii anavuta kontena, halihitaji. "Ushone wewe, mayo. Siyo Kimya." Hicho ndicho kiraka tulichokubaliana kingekuwa cha sharti. Siku nyingine mama alishona upana wa kiganja. Siku nyingine alifumua yote ya jana. Mshono wa mkono wa kushoto ulilala upande usio wetu, kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa kinyume, na hilo lilimkera kuliko maumivu.

Siku moja aliitupa sindano. Aliitupa kwa nguvu zake zote, ikapotelea kwenye vumbi, akafunika uso kwa khanga. Nililijua lile neno la Kiingereza, lilikuwa hapo juu ya mlango. Sikulisema. Mkono ulikuwa umeshatoka kwenye kazi, na mimi sikuwa na haki ya kuurudisha. Nilichukua sumaku ya spika mbovu tuliyokuwa tunatafutia sindano, nikaipitisha vumbini taratibu, nikaipata, nikaifuta, nikaichomeka kwenye sabuni yake. Nikarudi kwenye kazi yangu. Kivuli cha kibanda kilisogea mpaka kwenye miguu yetu. Ndipo nikamsikia nyuma ya khanga: "Huo uzi umekauka. Upake nta."

Mwaka ule mvua ziliwahi. Tulidhani tuna muda, kumbe mawingu yalikwisha kukaa juu ya vilima vya Ileje. Ilinyesha usiku, na asubuhi yake ikaendelea, na kabla ya saa sita hiace ya Lugano ikasimama mbele ya kibanda. Alikuwa ameondoa abiria wa kiti cha nyuma, ametandika godoro.

Mama alikuwa juu ya kiraka. Upande mmoja ulikuwa umebaki, ule wa kwenye kona.

"Mama, mvua imenyesha," Lugano alisema mlangoni.

"Nimeisikia."

Hakuinua kichwa. Lugano alisimama, maji yakimdondoka begani. Kisha akakaa kwenye tairi, kwa sababu mtu mkubwa kama yeye akisimama mle ndani anaziba mwanga. Akatazama. Sindano ilichomwa, ikapotea, ikatafutwa kwa kidole upande wa chini, ikavutwa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya kitambaa, umekaa kazini.

"Kila siku yuko hivi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kila siku, kaka."

"Tangu niondoke?"

"Tangu uondoke."

Mama aliongeza mwendo alipofika kwenye kona, nikaona, nikataka kusema, nikanyamaza. Akafunga fundo kwa meno na mkono. Akapumua.

"Maji," alisema.

Hatukuhitaji ndoo. Mimi na Lugano tulishika ile kona ya turubai tukaitandaza chini ya mkondo wa maji uliokuwa unashuka kutoka kwenye bati, na mama akasogea kwa fimbo yake kutazama upande wa chini. Maji yaligonga kiraka, yakateleza, yakaenda zake. Upande wa kwanza mkavu. Wa pili mkavu. Wa tatu. Osia, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaanza kutabasamu.

Kwenye kona likatokea tone. Lilijaa, likaning'inia, likaanguka kwenye mkeka. Jingine likaanza kujaa mahali pale pale.

Sharti lilikuwa kisivuje, na kilikuwa kimevuja, na mwenye sharti alikuwa amesimama anatazama. Nilihisi turubai limekuwa zito mikononi mwangu. Sikuthubutu kumtazama Lugano, maana nilijua sasa ana haki yake yote, na godoro liko nyuma.

Mama Lugano alinyoosha kidole, akalipokea tone la tatu.

"Kona," alisema. "Nimekimbia kwenye kona. Ifumuliwe."

Nikageuka kutafuta kisu. Hakikuwa pale kando ya sabuni tulipokiweka. Lugano alikuwa nacho. Alikuwa amelaza upande wake wa turubai kwenye mkeka na kupiga magoti juu ya maji, na ncha ya kisu ilikuwa imekwisha kufika kwenye mshono.

"Nifumue mpaka wapi, mama?"

Mama akainama kwa tabu, akaweka kidole chake cha kushoto.

"Hapa. Uzi tu. Usiguse kitambaa."

Akafumua jinsi alivyoambiwa, uzi mmoja mmoja, ulimi nje kama mtoto wa shule. Jioni mvua ilipokatika alilikunja godoro, akapakia abiria wa Itumba kwenye kiti kile cha nyuma.